Gundi Mbichi

Dereva wa gari la wagonjwa alipokea bahasha ya majibu yake, kidole gumba kikanata. Muhuri mwekundu wa SIRI ulikuwa wa wiki tatu zilizopita. Gundi ilikuwa ya asubuhi hii.

Akamtazama karani wa masjala, ambaye nyumbani ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Hongera, wifi! Mkojo mweupe pe. Huna bangi wala nini."

Kipimo chenyewe hakikuwahi kumtisha. Hata sigara hajawahi kuionja. Kilichomtisha ni ile fomu iliyofungwa pamoja na majibu, iliyouliza anatumia dawa gani. Nesi alimwapia: "Andika tu, dada. Yataishia humu humu." Naye akaandika ukweli: vidonge vya kuzuia mimba, mwaka wa nne sasa.

Miaka minne hiyohiyo wifi alikuwa akimshika mkono na kumfariji, "Mungu hamtupi mja wake. Utazaa tu."

"Umeifungua," dereva akasema.

Wifi akabandua gundi kwenye kucha zake, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Nimeifungua. Lakini usihofu, sijamwambia mtu baki. Nimemwambia kaka tu."