Maumivu ya Gervas

Mama Shija, jirani wa nyumba ya pili, anaapa kwamba Jumamosi alimwona Gervas akibwagwa chini na majitu mawili uwanjani, kisha akainuka anacheka. "Anacheka, Kabula! Kama katekenywa!"

Kabula hakubisha. Tangu wachezaji wa mpira wa Kimarekani wafungwe vile vidude shingoni, mrushaji kama Gervas akiangushwa, maumivu yanamwendea mkingaji aliyewaachia wapinzani njia. Na mkingaji wa Gervas ni Manyanda, mume wa Kabula.

Zamani Gervas aliogopa kuangushwa, akawa anarusha haraka haraka, tena ovyo. Siku hizi anatulia na mpira mkononi mpaka amwone mwenzake aliyeachwa bila kukabwa. Magazeti yanamwita fundi. Manyanda anageuzwa kitandani na mkewe kama mtoto, na akikohoa anashika mbavu ambazo hakuna mtu aliyezigusa.

Jumapili Gervas alikuja kumjulia hali, akakaribishwa kuku. Alinyonya mifupa kwa kelele, mafuta yakamchuruzika hadi viwikoni.

"Huyu mwanamume ni ukuta, shemeji," alisema huku akijilamba vidole. "Akiwepo yeye, mimi sina haraka kabisa."

Chumbani Manyanda aliguna. Kabula akamsogezea Gervas bakuli la maji ya kunawa.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Mechi ijayo, rusha mpira mapema."

Gervas alichukua paja lililobaki, lile alilowekewa mgonjwa, akaligeuza pande zote, taratibu, akitafuta pa kuanzia.