Jua la Wenye Huzuni

Gizani komeo la dirisha lililia ka! na jua likaingia chumbani kwa Sikudhani. Madirisha mengine ya jengo yalibaki yamefungwa, maana jua walipewa wenye huzuni tu. Binti yake Tatu, wa miaka minne, aliandikiwa jua tangu masika, na sasa anakula, hata kuimba anaimba.

"Mkaguzi anakuja, mwanangu. Akikuona unacheka, watatufungia dirisha. Nuna kidogo tu, eeh?"

Tatu akanuna, mashavu yakamtuna kama maandazi. Hodi ikapigwa. Mkaguzi akaingia, akachuchumaa mbele yake.

"Hujambo, mrembo? Unajisikiaje siku hizi?"

Tatu akamtazama mama yake, akalitazama jua lililomlalia miguuni, uso ukamkunjuka.

"Mimi nina furaha."