Tundu la Chini

"Usizime! Hata nyumba ikiungua, usizime!"

Sauti ya fundi ilitoka Uvira kwa redio ya biro, ofisi ya Baraka, ikikwaruza kama kuku anayechakura. Alphonse, mchunga mashine, alikuwa ameinama mbele ya kioo cheusi, jasho likimchuruzika shingoni. Karibu na mlango Pulchérie, mfagiaji, alishika ufagio kwa mikono miwili na hakufagia kitu.

Ilikuwa Alhamisi. Tangu Jumatatu kioo cha serveur hakikuonyesha hata nukta. Serveur ndiyo mashine kubwa iliyobeba majina: watoto mia tatu na zaidi waliopotea kwenye kukimbia vita, ambao sasa walikuwa makambini ng'ambo ya ziwa, kila mmoja na picha yake. Orodha mpya iliingia Baraka Jumamosi. Alphonse aliifungua Jumatatu asubuhi, akatoka kunywa chai kwanza. Aliporudi, giza. Hakuna jina hata moja lililokuwa limesomwa.

"Taa ya kioo iko rangi gani?" fundi aliuliza.

"Ya machungwa."

"Basi kioo kizima. Mashine inavuma?"

"Kama nyuki."

"Waya ya kioo je?"

"Imekazwa na visi, skrubu zake zote mbili, chef. Nimeivuta mpaka kidole kimeuma."

"Na batri?"

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na bamba za jua juu ya paa hazikuonja jua. Kati ya taa tano za batri zilibaki mbili, Alphonse akamwambia.

"Zikikufa wakati orodha iko wazi, majina yote yanaweza kuharibika. Na kwa njia za vita hii, kupata orodha ingine ni mwaka." Redio ikakwaruza, ikanyamaza.

Chini ya upenu bamama, akina mama waliongojea majina ya watoto wao, walikuwa wamebanana, wakikwepa mvua. Mmoja akachungulia dirishani. "We Alphonse, zile wiki tatu walikufundisha Uvira, ulijifunza kuwasha tu?"

Wakacheka, kicheko kisichofika tumboni. Alphonse akageuka na hasira. "Siku nitamujua mwenye aligusa mashine yangu, hatalala na kazi!"

Pulchérie akatazama miguu yake.

Shule aliishia darasa la sita, lakini macho yake yalisoma kila kitu alichofuta vumbi. Nyuma ya serveur kulikuwa na matundu mawili yanayofanana kama mapacha. La chini ndilo lilileta picha. La juu lilikuwa kipofu. Jumatatu, Alphonse akiwa kwenye chai, mikono yake yeye Pulchérie ilikuwa huko nyuma. Tangu hapo ugali wake ulibaki sahanini. Angesema maneno mawili tu, mi ndiye, na yote yangekwisha. Kila asubuhi alikuja nayo mdomoni, kila jioni alirudi nayo nyumbani.

Godelieve aliingia akipangusa mvua, beseni la mandazi limefunikwa kitenge. Yeye hakumngoja mtu kwenye ile mashine. Mtoto wake wa pekee, Néhémie, wa miaka mitano, aliishia njiani walipokimbia mwaka wa tisini na nane. Walitawanyika kwa risasi, na Pulchérie ndiye aliyekuwa amembeba. Pulchérie ndiye aliyemzika pia, ng'ambo ya mto Mutambala, akaweka jiwe. Hivyo ndivyo alivyomwambia Godelieve walipokutana tena. Tangu siku hiyo Godelieve alimwita dada, na samaki wa kwanza kutoka wavu wa kaka yake hakupelekwa sokoni, alipelekwa kwa Pulchérie. Mandazi aliwapikia hao bamama bure tu. Mwenye ameshalia anajua njaa ya mwenye kulia, alisema.

"Kula, dada yangu. Umekonda sana, mutu atasema hii mashine ni bwana yako."

Pulchérie alijaribu kucheka. Andazi likabaki mkononi.

Godelieve akamshika vidole, akavigeuza kama mtu anayeangalia mhogo sokoni. "Mi nilikuwa na bahati, unajua? Mikono hii ilinizikia mutoto. Najua jiwe lake liko fasi gani. Lakini bale bamama hapo inje..." Akashusha sauti. "Batoto yao iko bazima, na batabalilia kama wafu. Hiyo, dada, Mungu hataki."

Taa moja ya batri ikazima. Ikabaki moja.

Pulchérie akarudisha andazi kwenye beseni. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Papa Alphonse, unipishe."

"We? Unataka kuifagia?"

Pulchérie alipiga magoti, akapitisha mikono nyuma ya mashine. Vidole vyake havikutafuta, vilijua. Akafungua visi ya kwanza, akafungua ya pili, akachomoa waya kwenye tundu la juu na kuichomeka la chini.

Kioo kikapiga mwanga.

Upenu mzima ulilipuka kwa vigelegele. Godelieve alikuwa wa kwanza. Alimkumbatia kutoka nyuma, akambusu kisogo. "Si nilisema? Mikono hii!"

Pulchérie hakugeuka. Alibaki kwa magoti, macho ameyafumba.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa palepale, kama macho ya Pulchérie yalivyouacha Jumatatu. Alphonse akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti kubwa ili hata wa mwisho kule nje asikie.

"Namba moja. Mutoto mwanaume, miaka kumi. Jina, Néhémie. Anatafuta mama yake, Godelieve wa Baraka. Anasema: Pulchérie aliniweka juu ya jiwe, akaniambia nimungoje, anarudi."