Ukurasa wa Mwisho

Sikudhani alirudi maktaba mbiombio. Riwaya tatu za mwezi huu alizimaliza akalala, lakini hii ya nne ilimkosesha usingizi.

"Bi Ruzuna, ukurasa wa mwisho umechanwa!"

"Tangu mwaka juzi," alijibu mkutubi. "Wewe ndiye wa kwanza kulalamika."

Sikudhani akaitazama kadi ya waazimaji iliyobandikwa nyuma ya kitabu. Juu ya jina lake, kwa tarehe ya mwezi uliopita, alisaini Mwalimu Kombo, yuleyule aliyeapa darasani jana kwamba mwisho wa riwaya hiyo ulimtoa machozi.

"Nikupe nyingine?"

"Ngoja kwanza. Kuna mtu anadaiwa machozi."

Akachomoa karatasi katikati ya daftari, akaipachika palipochanwa, akafungua kalamu.