Boljointi ya Baba Sharon

Nyangau alikuwa chali chini ya gari, miguu tu ikionekana nje, na Drusilla alikuwa akiisemesha hiyo miguu.

"Fundi, umelala?"

"Nahangaika na boljointi, mama. Imekataa kuingia."

"Iambie leo ni Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na kwangu hakuna spana italia."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya bluu. Boljointi, kile kiungo cha gurudumu, ilikatika kwenye mteremko wa Magwagwa, tairi la mbele likalala kama sikio la mbuzi, na Ogoti, mume wa Drusilla, akaliburuta gari mpaka nyumbani. Akaliweka mkono wa kulia wa nyumba, karibu na ukuta. Wazee walimwambia hapo si mahali pa kuweka kitu, hapo humngoja mwenye nyumba. Ogoti akawacheka, akaliinua juu ya mawe, na kuku wakapata nyumba ya bure.

Sasa aliyelala ni Ogoti mwenyewe, chumba cha mbele, dirisha wazi ili asikie kazi.

"Fundi!" Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Kaza vizuri. Jumatatu narudi Kisii kwa daktari."

"Si upande pikipiki tu, mzee?"

"Nibebwe tena kama mkungu wa ndizi? Naenda na gari langu. Mama Sharon ameniahidi. Sivyo, Mama Sharon?"

"Ndiyo, Baba Sharon," Drusilla alisema, akiangalia kuku.

Juzi walikuwa huko Kisii. Ogoti alipokuwa akivaa shati lake, daktari alimwita Drusilla kando. Drusilla aliporudi alimwambia mumewe kwamba kuna dawa mpya, inakuja Jumatatu. Ogoti alifurahi mpaka akaomba ugali, akala matonge mawili, akasifu mboga.

Nyangau alipaka grisi. Akaweka jeki chini ya ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, akaipandisha polepole, na boljointi ikaingia tunduni kwa mlio mmoja. Akakaza nati, akapitisha pini na kuikunja, nati isije ikafunguka njiani. Akafunga tairi, akatoka akijipangusa.

"Sasa nifungulie boneti, mama. Niangalie injini."

"Achana nayo. Nilikuitia mguu, sikukuitia moyo."

"Lakini Kisii ni mbali. Na breki je?"

"Nyangau, mwanangu. Kuna mtu amekuuliza habari ya breki?"

Nyangau akaokota spana zake. Wateja wengine hutaka kusafiri kwa maombi.

Nyamweya, mdogo wake Ogoti, akatokea migombani. Alikuwa huko tangu asubuhi, hapalilii, hakati majani, amekaa tu kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Wakaondoa mawe, wakashusha gari, wakasukuma wote watatu. Tairi likasimama wima, likabingirika bila kulalamika. Kuku wakatawanyika wakitukana.

"Linatembea!" Ogoti alipiga kelele ndani. "Mama Sharon, nalisikia! Linatembea!"

Walipofika kwenye migomba ya kwanza, Drusilla akasimama.

"Imetosha. Rudisha mawe chini ya magurudumu."

"Hapa?" Nyangau alishangaa. "Si tungeligeuza liangalie barabara, mama?"

Nyamweya alikuwa amerudi kule ukutani, mahali pale palipokuwa na gari, penye udongo mkavu usio na nyasi. Mkononi alikuwa na jembe. Akalaza mpini chini, akapima urefu, kisha upana, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Atatosha," alisema kwa sauti ya chini.

Nyangau akavua kofia yake.

Ndani, kitanda kililia kama mtu anayeamka kwa shida.

"Ngojeni, bwana!" Ogoti aliita. "Mbona mna haraka hivyo? Bado sijavaa viatu!"