Dakika ya Themanini

“Si uzime tu hiyo friji,” Lenox akasema mara ya tatu. “Sekunde kumi. Nyama haiwezi kuoza na sekunde kumi.”

Emmah Nanyama alikuwa ameegemea ukuta wa studio, amefumba macho. Studio yenyewe ni chumba kimoja gorofa ya nne huko tao, katikati ya jiji, blanketi zimepigwa misumari ukutani kuzuia honi za barabarani.

“Siwezi.”

“Huwezi ama hutaki?”

“Zote.”

Lenox ndiye dairekta, na hata yeye alikuwa amechoka. Miaka mitatu anahangaika na filamu moja: mwanamke peke yake ndani ya meli ya angani, anaenda mahali hatafika akiwa kijana. Meli yenyewe ilikuwa mabati na rangi ya fedha, ndani ya godauni huko Jamhuri. Ukiiangalia bila sauti, ni choo cha shule. Emmah, mtu wa sauti, ndiye aliifanya ipae.

Aliileta hiyo sauti kwa flashi mwezi wa pili. Mngurumo wa chini, mtulivu, na kila baada ya sekunde chache, pfff, kama kitu kinashusha pumzi. Lenox alipoisikia aliketi chini.

“Meli inapumua,” akasema.

Akaiweka chini ya kila sini ya filamu, hata zile za kucheka. Muziki akakataa kabisa. “Watu hawatajua wanaisikia,” akawaambia wenzake wa studio. “Watazoea tu, vile unazoea mtu kwa nyumba. Halafu dakika ya themanini tunaizima. Kamera inasonga polepole kwa uso wa huyo mama, haongei, hakuna kitu. Hapo ndio wataelewa alikuwa anaishi na nani.”

Kiarie, yule wa kukata picha, alikuwa ameuliza ni mashini gani.

“Ya kwetu,” Emmah akajibu.

“Friji?”

Akachomoa flashi yake, wakachukua hiyo kama ndio. Kwa kazi yake iliyopita alieleza watu wa ofisi mambo ya nyumbani. Wakamhurumia wiki mbili, ya tatu wakatafuta mtu mwingine. Hiyo alishajifunza.

“Basi friji yenu iko na asthma,” Kiarie akasema, na hiyo ikawa stori ya studio mpaka leo.

Sasa filamu ilitakiwa kesho saa nne asubuhi, na dakika ya themanini bado haikuwa na mwisho. Kiarie alipunguza sauti polepole kwa kompyuta, ikasikika kama gari linaenda zake. Akarekodi friji ya mamake, ikasikika kama friji.

“Emmah, wewe ni kama sista yangu,” Lenox akasema. “Lakini nikikosa hiyo sauti leo, ile kazi ya mwaka ujao siwezi kupeleka jina lako. Nitawaambia nini?”

Ile kazi ilikuwa ya mwaka mzima, na Emmah hakuwa na nyingine. Akatoa simu, akampigia jirani yake kuuliza umeme.

“Shiko, stima iko?” Akasikiliza. “Haya, sawa.”

“Kila saa stima, stima!” Kiarie akasema. “Kwani umeficha ng’ombe mzima huko ndani?”

Hata Emmah akacheka kidogo. Shida ni kwamba alijua vile hiyo mashini inazima. Alishaisikia mara mbili. Inavuta pumzi moja ndefu, inashuka kama mtu anakaa kwa kiti, halafu inatoa mlio mmoja mwembamba usioisha. Lakini hizo mara mbili mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, si ya kurekodi.

“Twende kwako,” Lenox akasema, akichukua funguo za gari. “Nitaizima mwenyewe. Ikiharibika nakununulia ingine.”

Emmah alikuwa amechoka hata kubishana. Walipofika Ngong Road akajaribu.

“Lenox, kuna kitu sijawaambia.”

“Kama ni nyama, nitanunua pia nyama.”

Akageuzia dirisha uso. Aliamua atamwonyesha tu wakifika. Kuonyesha hakutaki nguvu kama kueleza. Akalala mpaka Riruta.

Kwa ploti ya nyumba za kupanga anakokaa Emmah, Shiko wa mlango wa kwanza alikuwa anaanika nguo.

“Aki afadhali umekuja! Token ya stima imebaki unit moja, na simu yangu imekataa kununua.”

Emmah akasimama hapo hapo kwa kamba ya nguo, akaanza kubonyeza simu. Akakosea namba ya siri. Akaanza tena.

Lenox hakungoja. Alikuwa ashavaa hedifoni, rekoda mkononi, taa yake nyekundu inawaka. Hakuhitaji kuonyeshwa mlango. Alifuata tu ile sauti, sauti aliyoijua kuliko ya bibi yake. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kimoja, pazia katikati, mngurumo nyuma ya pazia. Waya ulitoka chini ya pazia mpaka kwa soketi karibu na mlango.

Akachuchumaa. Akaelekeza maiki. Akaweka kidole kwa swichi.

“Huko nje kimya, tafadhali!” akaita. “Nazima! Tatu, mbili...”

“Lenox!” Emmah alikuwa anakimbia, shiti la Shiko limemnasa begani.

Pazia likavutwa kutoka ndani. Mzee mmoja mwembamba alikuwa ameketi kitandani, mrija wa plastiki umepita chini ya pua yake na kushuka mpaka kwa mashini miguuni. Pfff. Akaangalia hedifoni, akaangalia kidole, akatabasamu.

“Ni wewe Lenox?” akauliza, akitafuta pumzi kati ya neno na neno. “Karibu. Binti yangu ameniambia... kwa hiyo sinema yenu... mimi ndio injini.”