Kisiki Hakupepesa

Mpira wa kwanza ulimpiga Kisiki kwenye mfupa wa bega, ukalia kama ukuni unaovunjwa gotini. Hakupepesa. Alibaki ameinama palepale nyuma ya mdakaji, akasema, "Nje," kwa sauti ya mtu anayeulizwa saa na kuitaja.

Mwalimu, aliyeketi hatua tano nyuma yake, upande wa pili wa wavu, alikuwa amekwisha kufumba macho. Alijichukia.

Ndicho kilichomleta. Mwaka juzi naye alikuwa mwamuzi wa softiboli, tena mwenye jina lake, mpaka mpira ulipomvunja taya. Mfupa uliunga vizuri. Ila tangu siku hiyo kila mpira ukija macho yanajifunga yenyewe, na mwamuzi aliyefumba macho atajuaje mpira umepita wapi? Chama cha waamuzi kilimwandikia: Jumamosi ijayo atajaribiwa, na akifumba tena arudishe beji. Darasani alifundisha hesabu ili ale. Uwanjani ndiko alikojiona mtu.

"Nenda kamtazame Kisiki," wenzake walimwambia. "Ukiweza kumuiga yule, umepona."

Basi alimtazama kama mwanafunzi anayeibia majibu. Alimwona akiingia ameshikana mkono na mkewe, watu wakiwatania, "Harusi ilikuwa lini, jamani?" na Kisiki akijibu, "Juzi tu, miaka thelathini na moja." Alimwona akichuchumaa kufuta vumbi kwenye kile kibao cheupe ambacho mpira hauna budi kupita juu yake, akipitisha vidole polepole kwenye kingo zote. Alimwona, kila mrushaji alipojiandaa, akiweka kiganja cha kushoto mgongoni mwa mdakaji, kwa upole, kama anayemtuliza. Yote aliyaandika kwenye daftari.

Mpira wa pili uliparuza rungu la mpigaji, ukabadili njia, ukamvaa usoni. Waya za barakoa zikabonyea na kichwa kikarudi nyuma. Damu ikamtoka puani. Aliipangusa kwa mkono wa shati, akainamisha kichwa upande kidogo, akasubiri mwingine.

Kufikia zamu ya mwisho timu ya wekundu ilikuwa imechemka, kwa kuwa mipira yao miwili Kisiki alikuwa ameiita ya nje. "Refa kipofu!" mashabiki wao walipiga kelele, kama wanavyoitwa marefa wote tangu michezo ianze. Kisiki alitabasamu. Kocha wao akagusa kofia mara mbili, na mwalimu akainuka kitini, maana uhuni ule aliujua. Mrushaji anarusha kwa nguvu zake zote, mdakaji anajitupa pembeni, na anayebaki njiani ni mwamuzi.

Alitaka kumwita. Alichelewa.

Mdakaji akajitupa kushoto. Kiganja cha Kisiki kikabaki hewani. Mpira ukamzamia tumboni, chini kidogo ya kinga ya kifua, katikati kabisa, na mwalimu akasikia pumzi yote ikimtoka. Mara hii hakufumba, kwa sababu alikuwa akimtazama yeye, si mpira. Kisiki aliyumba lakini hakuanguka. Akameza mate, akainua mkono wa kulia.

"Ndani," alisema.

Wekundu walikuwa wametaka kumuua, naye akawapa haki yao. Mdakaji alirudi mahali pake akiwa ameinamisha uso, na Kisiki akatoa mpira mwingine mfukoni akamkabidhi. Ule uliompiga tumboni ulikuwa umeviringika ukapita chini ya wavu. Mwalimu aliuokota, akautia kwenye mkoba.

Mchezo ulipokwisha alimkuta kwenye stoo ya vifaa, ameketi kwenye benchi karibu na dirisha, fulana imepandishwa. Mbavu zilikuwa na madoa ya manjano, ya bluu, na meusi, mapya yamekaa juu ya ya zamani. Mkewe alikuwa kwenye bomba analowesha taulo.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nyuma ya wavu."

"Marahaba, mwanangu. Nilikusikia unavyohema. Nikasema huyu anaumia kunishinda mimi."

Mwalimu akaketi, akamweleza yote, taya, kope, barua ya chama. "Nifundishe, mzee," alimalizia. "Jumamosi nikifumba, nimekwisha."

"Hata mimi nilikuwa nafumba," Kisiki alisema. "Miaka mingi tu. Nimeacha mwaka jana."

"Ukaachaje?"

"Niliamka siku moja, woga haupo. Dawa yake siwezi kumpa mtu, mwanangu, na wewe nisingekutakia."

Mwalimu aliyachukua maneno hayo kuwa unyenyekevu wa wakubwa, akampenda zaidi. Moyo ulimtulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Naye Jumamosi angeweka kiganja mgongoni mwa mdakaji. Naye angesimama kama kisiki. Akakumbuka mpira ulio kwenye mkoba, akautoa.

"Basi chukua huu, mzee, uwe ukumbusho," alisema, akamrushia taratibu kutoka chini, kama unavyomrushia mtu chungwa mezani.

Kisiki alikuwa amemgeukia, uso kwa uso, jua la dirishani likimmulika. Mikono yake haikutoka magotini. Mpira ukampiga mdomoni, damu ya puani ikaanza upya, na hakupepesa.

Mkewe aliweka taulo chini. Akauokota mpira, akafungua vidole vya mumewe kimoja kimoja, akamfumbatisha kiganjani.

"Usimrushie, mwanangu," alisema. "Sisi huwa tunamwekea mkononi."